Royals walikosea kumtoa Brady Singer? Na Bubic naye wamtoe?

Msomaji wetu anauliza:

"Shikamoo mwalimu. Naishi Kansas City, na tangu msimu wa 2024 nimekuwa shabiki wa Royals, timu ya besiboli ya hapa. Kuna jambo linanisumbua. Baada ya msimu ule mzuri walimtoa Brady Singer, mrushaji aliyecheza msimu mzima bila kuumia, wakamchukua Jonathan India. Mwaka 2025 warushaji wakaumia mmoja baada ya mwingine, India naye hakupiga, na mtoano tukaukosa. Sasa wenzangu kazini wanasema tumtoe Kris Bubic ili tupate mpigaji. Si yale yale? Na kwani timu inahitaji warushaji wangapi wa kuanza?"

Marahaba, ndugu yangu. Nikujibu moja kwa moja kwanza, maelezo yafuate. Kumtoa Singer mnamo Novemba 2024 halikuwa kosa. Walipokosea ni katika mtu waliyemchukua, na katika kuamini kwamba warushaji sita wanatosha. Bubic kwa sasa nisingemtoa, na sababu zangu hazifanani kabisa na zile za Singer. Kuhusu idadi, timu inayotaka kumaliza msimu bila kuhangaika ihesabu tisa.

Wasomaji wa Uganda walioanza kuufuata mchezo huu tangu vijana wa Lugazi walipocheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012 wataniwia radhi nikianzia mbali kidogo, kwa faida ya wale waliolelewa na soka.

Kipa wa Simba au Yanga anaweza kudaka mechi zote za ligi, na kocha akalala usingizi. Mrushaji wa besiboli hawezi. Akishatupa mipira 90 au 100 kwa nguvu zake zote, mkono unahitaji siku nne au tano kabla ya kurudi kazini. Ligi nayo ina michezo 162 kwa muda wa miezi sita hivi, karibu kila siku. Ndiyo maana kila timu ina zamu ya warushaji watano: huyu leo, yule kesho, mpaka mzunguko urudi kwa wa kwanza. Ukigawanya 162 kwa watano, kila mmoja anapata michezo 32. Hiyo ni hesabu ya makaratasi. Mikono ya watu haifuati makaratasi, na hapo ndipo habari ya Royals inapoanzia.

Mwaka 2018 Royals walikuwa na nafasi nyingi za juu katika uteuzi wa vijana, wakazitumia karibu zote kwa warushaji wa vyuo vikuu. Singer alichukuliwa nafasi ya 18, Jackson Kowar ya 33, Daniel Lynch ya 34, Bubic ya 40. Mpango ulikuwa kwamba timu isiyo na fedha nyingi ijilimie yenyewe warushaji wake badala ya kwenda kuwanunua kwa bei za New York na Los Angeles. Mpango mzuri, ila mavuno yalichelewa na hayakuwa mengi. Kufikia 2023 Royals walipoteza michezo 106 na kushinda 56. Kati ya wale wanne, ni Singer peke yake aliyekuwa ameshika nafasi katika zamu kwa kudumu. Bubic alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko, ule unaoitwa Tommy John, na Kowar alikuwa njiani kwenda Atlanta.

Ndipo meneja mkuu J.J. Picollo alipofanya usajili ulioshangaza wengi. Desemba 2023 alimchukua Seth Lugo kwa miaka 3 na dola milioni 45, na Michael Wacha kwa miaka 2 na dola milioni 32. Pamoja na wengine waliosajiliwa, timu ya soko dogo ikatumia zaidi ya dola milioni 100 katika majira yale ya baridi. Lugo alikuwa ametumia miaka mingi New York Mets akiingia katikati ya mchezo, na mwaka mmoja tu San Diego kama mrushaji wa kuanza. Ukiongeza Cole Ragans, aliyepatikana kutoka Texas mnamo Juni 2023 kwa kubadilishana na Aroldis Chapman, zamu ikawa imekamilika: Ragans, Lugo, Wacha, Singer, na Alec Marsh wa tano.

Kilichofuata unakijua, maana ndicho kilichokufanya shabiki. Royals walishinda michezo 86 badala ya 56. Lugo alirusha iningi 206 na ushei (iningi ni kipindi cha mchezo, na mchezo una tisa), akashinda michezo 16, akawa wa pili katika kura za Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, nyuma ya Tarik Skubal wa Detroit. Ragans akawa wa nne. Lakini takwimu ninayoitazama mimi kuliko zote haihusu tuzo. Wale watano walianza takriban michezo 150 kati ya 162. Hilo halitokei. Timu ya kawaida hutumia warushaji wa kuanza wanane, tisa, hata kumi na zaidi kwa msimu, kwa sababu mabega na viwiko havisubiri Oktoba. Royals wa 2024 walipata bahati ambayo haipangwi na kocha wala daktari.

Sasa tuje kwa Singer mwenyewe. Mwaka 2024 alirusha karibu iningi 180, akaruhusu wastani wa mikimbio (ndiyo pointi za mchezo huu) 3.71 kwa kila iningi 9. Akashinda 9 na kupoteza 13, ingawa hesabu ya kushinda na kupoteza kwa mrushaji inategemea mno wapigaji wake. Kazi yake ilikuwa nzuri. Ila mtoano ulipofika Oktoba, hakuanza hata mchezo mmoja. Huko Baltimore walianza Ragans na Lugo. Dhidi ya Yankees walianza Wacha, Ragans, Lugo, kisha Wacha tena. Mtoano una siku za mapumziko nyingi kuliko ligi, kwa hiyo warushaji watatu wanatosha kuubeba. Mrushaji wa nne ndiye anayekufikisha mlangoni, halafu ukishaingia ndani anakaa benchi. Jambo la kushangaza, mwaka uliofuata Singer alifika mtoano na Cincinnati, na huko nako hakuanza: dhidi ya Dodgers walianza Hunter Greene na Zack Littell, Reds wakatolewa kwa michezo miwili.

Tazama sasa upande wa pili. Katika michezo ile sita ya Oktoba 2024 Royals walipata mikimbio 15 tu. Waliishinda Baltimore 1-0 na 2-1, matokeo ambayo hata kwenye soka ungeyaona ya kubana. Bobby Witt Mdogo alikuwa amemaliza ligi na wastani wa kupiga wa .332, bora kuliko wote, lakini alikuwa akija kupiga huku besi, vile vituo ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili kupata mkimbio, zikiwa tupu. Anayepiga kwanza kazi yake ni kufika besi kwa njia yoyote ile, ili Witt amkute pale. Kwa sehemu kubwa ya msimu nafasi hiyo alipewa Maikel Garcia, na mwaka ule alifika besi kwa asilimia 28 tu. India, kule Cincinnati, alifika kwa asilimia 35.7. Ukizidisha tofauti hiyo mara 700 na ushei ambazo mpigaji wa kwanza anasimama kwa msimu, unapata watu zaidi ya 50 ambao Witt angewakuta besini.

Kuna na jambo la mikataba, ambalo ndilo linaloendesha maamuzi mengi kuliko mashabiki wanavyodhani. Tunasema "kuuza", lakini katika besiboli mara nyingi fedha hazibadilishi mikono kama kwenye uhamisho wa soka. Wachezaji wanabadilishwa kwa wachezaji. Mchezaji hubaki mali ya klabu mpaka atimize miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, kisha anakuwa huru kwenda atakako. Miaka mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Baada ya hapo mshahara unapanda kila mwaka, na wasipoelewana huamuliwa na wasuluhishi. Singer na India wote wawili walikuwa wamebakiza miaka miwili ileile, 2025 na 2026. Kwa hiyo hakuna aliyemzidi mwenzake muda. Kansas City walipata pia Joey Wiemer kama nyongeza. Kwenye karatasi, klabu yenye ziada ya warushaji ilibadilishana na klabu yenye ziada ya wachezaji wa ndani ya uwanja. Sioni mahali pa kuwalaumu hapo.

Na nafasi ya Singer katika zamu ilichukuliwa na nani? Na huyohuyo Bubic unayeniuliza. Alikuwa amerudi kutoka kwenye upasuaji katikati ya 2024, akatumika kama mrushaji wa akiba anayeingia iningi moja moja, akafanya vizuri. Wakati wa baridi wakaamua kumrudisha kwenye zamu. Mwaka 2025 alianza michezo 20, akaruhusu wastani wa 2.55, akachaguliwa kwenye mchezo wa All-Star, ule wa nyota wa ligi. Singer mwaka huohuo kule Cincinnati aliruhusu 4.03. Kwa hiyo kuanzia Aprili hadi Julai hamkumkosa Singer hata kidogo. Mlikuwa na bora zaidi yake. Hili wenzako kazini huenda wamelisahau.

Mambo yaliharibika kwa namna mbili, tena kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni India. Yule mtu alikuwa mchezaji wa besi ya pili, na Royals tayari walikuwa na Michael Massey katika nafasi hiyo. Wakampeleka besi ya tatu, wakampeleka uwanja wa kushoto, kazi ambazo hakuzikulia. Mtu anayejifunza kudaka mahali papya kila wiki, tena katika uwanja mpana kama wa Kauffman, anabeba mzigo huo hadi kwenye gongo lake. Siwezi kukuthibitishia kwamba hiyo ndiyo iliyomshusha, lakini alishuka: asilimia yake ya kufika besi ikawa karibu 32. Wakati huohuo Garcia, yule aliyeonekana hafai kupiga kwanza, alipiga .286, akaenda All-Star na kutwaa Gold Glove kwa udakaji wake katika besi ya tatu. Mpigaji waliyemtafuta Cincinnati walikuwa naye nyumbani, na hakuna skauti angekuambia hivyo mwaka mmoja kabla.

Hapa ndipo ninapowahukumu kwa ukali. Ukitoa iningi 180 za kuaminika, unapaswa kuchukua mtu ambaye unajua Jumatatu asubuhi atasimama wapi. Walichukua takwimu nzuri ya kufika besi bila kuuliza mwenye takwimu hiyo atadaka wapi. Shida kubwa ya Royals ilikuwa, na bado ni, wachezaji wa uwanja wa nje. Pale ndipo palipokuwa na tundu, nao wakanunua kiraka cha nguo nyingine.

Ya pili ni mikono. Marsh hakurusha hata mpira mmoja wa ligi kuu mwaka 2025 kwa sababu ya bega. Ragans aliumia misuli inayozunguka kiungo cha bega mwezi Juni, akarudi Septemba msimu ukiwa umeshaamuliwa. Alianza michezo 13 tu. Lugo alisumbuliwa na kidole, baadaye mgongo. Mwisho wa Julai Bubic naye akaumia bega, msimu wake ukaisha. Waliobaki imara ni Wacha na Michael Lorenzen kwa sehemu kubwa, pamoja na zawadi ambayo hakuna aliyeitegemea: Noah Cameron, kijana wa St. Joseph, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapo ulipo, aliyepandishwa mwisho wa Aprili na kumaliza msimu na wastani wa 2.99. Bila Cameron nadhani mngezungumzia mwaka wa aibu.

Ukitaka kujua timu imeishiwa kiasi gani, tazama anayeanza mwezi Julai. Royals walimwanzisha Rich Hill, mwenye miaka 45, na kwake hiyo ilikuwa klabu ya 14 katika ligi kuu. Namheshimu sana mzee huyo. Lakini timu inayofukuzia mtoano haitakiwi kumhitaji. Siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji wakakimbilia San Diego, wakamtoa mdakaji Freddy Fermin ili kuwapata Ryan Bergert na Stephen Kolek, na wakamchukua Bailey Falter kutoka Pittsburgh. Bergert na Kolek walisaidia. Hata hivyo, kununua warushaji mwisho wa Julai ni kununua mwamvuli mvua ikiwa imeshaanza, na bei yake ilikuwa mdakaji ambaye mngempenda leo.

Je, Singer angebadilisha matokeo? Royals walimaliza na ushindi 82. Detroit, waliochukua nafasi ya mwisho ya kuingia mtoano, walikuwa na 87. Mrushaji wa kiwango cha Singer, ukimweka badala ya wale waliobahatisha Agosti na Septemba, pengine angekuongezea ushindi mmoja au mawili. Matano, hapana. Pengo lilikuwa kwenye magongo: Kansas City walikuwa miongoni mwa waliopata mikimbio michache katika American League, nusu yao ya ligi kuu, wakati warushaji wao, pamoja na majeraha yote hayo, walikuwa miongoni mwa bora.

Ukisikia hivyo utasema wenzako wana haki: kama shida ni magongo na warushaji wapo, si tumtoe Bubic? Hapana, na sababu ni bei.

Bubic anabakiza mwaka mmoja tu, 2026, kabla ya kuwa huru. Na ametoka kwenye jeraha la bega. Klabu yoyote inayomtaka leo itapiga simu ikitaja bega kwanza na mwaka mmoja pili, halafu ndipo itoe ofa, na ofa hiyo itakuwa ya mtu mgonjwa. Singer alitolewa akiwa ametoka kuanza michezo 32 na akiwa na miaka miwili mbele. Hata hivyo walipata India. Kwa Bubic wa sasa utapata kijana wa ligi za chini asiye tayari, au mpigaji ambaye klabu yake imemchoka. Wewe unataka mtu wa kupiga nyuma ya Witt na Vinnie Pasquantino mwezi Aprili. Hatapatikana kwa bei hiyo.

Akibaki na akawa mzima, una mrushaji wa daraja la juu kwa mshahara mdogo kulinganisha na sokoni. Akiondoka mwisho wa msimu baada ya kukataa ofa ya mwaka mmoja inayopangwa na ligi, ambayo Novemba 2025 ilizidi dola milioni 20, klabu hulipwa fidia ya nafasi ya ziada katika uteuzi wa vijana. Nisikudanganye kwamba fidia hiyo ni ya uhakika: makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji yanaisha Desemba 1, 2026, na kanuni hizi zinaweza kuandikwa upya.

Halafu hesabu tena vichwa. Ragans, Lugo, Wacha, Bubic, Cameron. Mwisho wa 2025 Lugo alikuwa na miaka 36, Wacha 34. Ragans na Bubic wametoka kwenye mabega. Lorenzen mkataba wake umekwisha. Nyuma yao wapo Bergert, Kolek na Falter. Ukiwahesabu kwa majina ni wanane. Ukiwahesabu kwa afya, mimi naona watano na nusu. Nilisema tisa kwa sababu hiyo: watano wa zamu, wawili wanaojua kuanza lakini wanakaa na akiba wakisubiri, na wawili walioko Omaha, kwenye timu ya Royals ya ligi ya chini, ambao klabu bado ina haki ya kuwapandisha na kuwashusha bila kuwapoteza. Hao wa Omaha ndio wanaosahaulika, nao huanza michezo 20 au 30 kila mwaka katika timu nyingi. Kikosi cha ligi kuu kina wachezaji 26, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13, kwa hiyo mrushaji usiyeweza kumshusha anakuzibia nafasi hata akiwa hana kazi.

Mpigaji nao wanamhitaji, silipingi hilo. Ila kuna warushaji na warushaji. Desemba 2025 walimtoa Ángel Zerpa, mrushaji wa akiba wa mkono wa kushoto, wakapata kutoka Milwaukee Isaac Collins, mchezaji wa uwanja wa nje anayejua kufika besi, pamoja na mrushaji mwingine wa akiba, Nick Mears. Hiyo ndiyo biashara niliyotamani waifanye mwaka mmoja kabla: wametoa mtu wa iningi 60, wamepata mtu wa kila siku, na wanajua atasimama wapi.

Kwa Bubic, subirini mazoezi ya kabla ya msimu huko Surprise, Arizona. Ikifika mwisho wa Machi anamaliza iningi tano bila kushika bega, na Bergert na Kolek wote wazima, simu zitakazopigwa wakati huo zitakuwa na lugha nyingine, nami nitakuwa tayari kuzisikiliza. Kama mmoja tu kati ya hao watatu ana plasta, waambie wenzako kazini wamwache hapo alipo.